Siku ya Mwisho Ianzie Othaya

Marafiki wawili wanaouzunguka Mlima Kenya kwa pikipiki aghalabu huigawa safari yao vivi hivi: siku za mwanzo huwa za polepole, Embu, Chuka, Meru, halafu Timau na Nanyuki, kila mahali wakisimama kwa chai na picha. Siku ya mwisho hubebeshwa kila kilichobaki. Wanaondoka Nanyuki asubuhi wakiwa tayari wamechelewa, na sharti waingie Nairobi jioni hiyo hiyo kwa kuwa kesho yake ni Jumatatu. Naona hesabu hiyo iko kichwa chini. Siku ya mwisho ndiyo inayostahili kuwa fupi kuliko zote, na kwa anayerudi kwa upande wa Nyeri, mahali pa kulala usiku wa kuamkia siku hiyo ni Othaya.

Tuanze na mwili. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya mikono na macho kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Utasema hakuna anayeendesha pikipiki saa 17. Ni kweli, lakini uchovu wa safari hauanzi asubuhi ya siku ya mwisho. Unarithiwa kutoka usiku wa pili na wa tatu, kwenye vitanda vigeni, baada ya mazungumzo yaliyovuka saa sita. Pikipiki nyingi za Kenya, zile ndogo zilizoenea baada ya serikali ya Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, kuziondolea kodi zilizo chini ya cc 250, hazikuundwa kwa safari ndefu: zinatetemesha mikono, hazina kioo cha kuzuia upepo, na baridi ya milimani humla dereva kuanzia vidoleni, pale pale panapokamata breki na klachi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde humeza mita 22. Dereva ambaye uchovu umemwongezea nusu sekunde tu kati ya kuona na kukamata breki ameshapoteza mita 11, karibu urefu wa basi zima, na pikipiki bado haijaanza kupunguza mwendo.

Sasa weka uchovu huo kwenye barabara yenyewe. Mito inashuka kutoka Aberdare kuelekea mashariki, na barabara ya Nyeri kwenda Othaya, Kiriaini na Murang'a inaikata kwa ubavu, kwa hiyo kazi yake yote ni kushuka bondeni, kuvuka daraja, kisha kupanda mgongo mwingine. Ndivyo ilivyo kwenye mto Gura, na ndivyo inavyoendelea kusini. Ni barabara ya kona zinazofunga ghafla, na nyuma ya kona huenda pakawa na lori la majani-chai au watoto waliotoka shule. Matope ya njia za mashambani huburutwa na magurudumu hadi kwenye lami, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi huyageuza mafuta na vumbi kuwa utelezi usioonekana. Karibu na ikweta giza halina subira: jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na baada ya dakika ishirini hivi dereva anategemea taa yake peke yake. Kona hizo hizo asubuhi ni raha ya safari. Julai na Agosti zina ukungu wa alfajiri, nakubali, lakini aliyebakiza safari fupi anaweza kuagiza kikombe cha pili cha chai mpaka ukungu uinuke. Aliyetoka Nanyuki hana nafasi hiyo, na hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kuliko zote: siku fupi humpa msafiri ruhusa ya kusubiri.

Rafiki naye hubadilisha mambo. Wawili wakifuatana, wa nyuma humpoteza wa mbele kila penye kona, kisha huongeza mwendo kumfikia, kwa hiyo huingia kona inayofuata kwa kasi ambayo hakuichagua yeye. Siku ya kwanza wangeambiana. Siku ya mwisho kila mmoja anaona haya kuwa wa kwanza kusema amechoka. Dawa ni kumtanguliza anayekwenda polepole zaidi na kukubaliana kukutana kwenye mji uliotajwa, Kiriaini kwa mfano, ili asiwepo wa kumkimbiza mwenzake. Wakipanda pikipiki moja, wa nyuma akisinzia, uzito wake huyumba katikati ya kona.

Kuna pingamizi moja zito. Utafiti mashuhuri wa Harry Hurt wa mwaka 1981, uliochunguza ajali 900 za pikipiki Los Angeles, ulikuta kwamba ajali ya kawaida hutokea kwenye safari fupi, karibu na mahali ilipoanzia. Je, hilo halionyeshi kwamba safari ndefu ni salama? Halionyeshi, kwa sababu safari nyingi za watu wote ni fupi, na penye safari nyingi ndipo penye ajali nyingi. Utafiti huo huo uligundua pia kwamba pikipiki ikigongana na gari, mara mbili kati ya tatu kosa lilikuwa la gari kuiingilia njia. Kinga ya dereva wa pikipiki basi ni kumtambua mapema dereva asiyemwona, nacho ndicho kipawa ambacho uchovu hukiiba kwanza. Wengine watasema usiku wa ziada ni gharama, afadhali kukaza mwendo. Katika kila kilomita 100, kupandisha wastani kutoka 60 hadi 70 kwa saa huokoa dakika 14 tu.

Kwa hiyo ondoeni usiku mmoja mahali pengine, hata Nanyuki, muupeleke Othaya. Mkiondoka hapo saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa umeinuka, mtaingia Nairobi mchana kweupe, wa mbele akimwona mwenzake kwenye kioo.