Je, Wajua? Kabati, sifa na deheni
Majahazi ya Unguja yalikingwa na maji kwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini iliyozama majini kwa deheni ya shahamu na chokaa. Je, sifa yafaa kukinga kabati la mbao? Uvundo wa sifa ungemfukuza mgeni!

Mafuta ya nazi hayakauki, hunasa vumbi tu. Ya kitani hukauka, lakini maji yakituama hupenya. Imara zaidi ni vanishi ya poliyurethani: piga msasa, paka mikono mitatu myembamba, ukisugua kidogo kila mkono ukishakauka, kabla ya kupaka unaofuata.

Kuta za Mji Mkongwe, za mawe ya matumbawe na chokaa, hushika unyevu. Basi paka na mgongo wa kabati, hasa ncha za mbao zilizokatwa, kisha uliache mbali kidogo na ukuta.