Mbarika wa Makorongoni na Unga wa Kihindi

Jumamosi mchana ni zamu ya vichwa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Iwe mitaa ya Kadutu, Bagira au Panzi, utawakuta akina mama na wasichana wamekaa barazani au kwenye ngazi za nyumba, mmoja kwenye kigoda, mwingine nyuma yake kitini, chanuo mkononi. Misuko ya wiki zilizopita inafumuliwa, kichwa kinaoshwa, kinapakwa mafuta na kusukwa upya kwa ajili ya misa au ibada ya kesho na shule ya Jumatatu. Kazi hiyo huchukua saa nyingi na haifanywi kimya. Hapo ndipo posa hujadiliwa, zamu ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana fedha, hukumbushwa, na msichana anayekua huambiwa mambo ambayo mama yake mzazi angeona haya kumwambia.

Siku hizi, kando ya chupa ya mafuta, utaona pia bakuli la unga wa kijani uliokorogwa kwa maji ya vuguvugu. Ni hina, au amla, au mchanganyiko wa unga wa mimea ambao wasichana wanauita wa Kihindi. Wapo wanaouona kuwa ni ugeni na wapo wanaouona kuwa ni muujiza. Mimi nasema umekuta mahali palipokuwa tayari, kwa sababu mama zetu walijua kutunza nywele kwa mimea na mafuta kabla ya pakiti hizo kufika.

Bukavu ni mji uliokusanya watu, na kila kundi lilikuja na mafuta yake. Bashi wa Kabare na Walungu ni watu wa ng'ombe. Kama ilivyokuwa katika falme nyingine za wafugaji za Maziwa Makuu, siagi ilikuwa chakula, na pia ilikuwa ya kupaka mwilini na kichwani. Warega wa Mwenga na Shabunda wametoka nchi ya michikichi. Kwao mawese ni ya chungu, na mafuta meusi ya mise, yanayokamuliwa kwenye kokwa zilizokaangwa, ni ya ngozi na nywele. Harufu yake ni nzito, na vijana wengi wanaikimbia. Bibi zao hawakuikimbia, na kitoto kichanga kilichopakwa mise kilijulikana kabla hujafungua mlango.

Halafu kuna mbarika, ambao wengine huuita mbono, na hapa naomba msomaji anivumilie nikikaa kidogo. Mmea huu unaota wenyewe kwenye kingo za makorongo, kando ya majalala, nyuma ya vyoo. Majani yake ni mapana, yamegawanyika mithili ya vidole vya mkono, na mbegu zake zina madoadoa. Asili yake inaaminika kuwa upande huu wetu, Ethiopia na Afrika Mashariki. Kuutoa mafuta si siri: mbegu hukaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa katika maji mengi mpaka mafuta yaelee, kisha yakaenguliwa na kuchemshwa tena maji yakauke. Kuchemsha huko si kwa ajili ya usafi tu. Mbegu ya mbarika ina sumu kali iitwayo risini, ambayo haiyeyuki katika mafuta na huharibiwa na moto. Mbegu mbichi mdomoni mwa mtoto ni hatari ya kifo, na makapi yasitupwe walipo kuku na mbuzi.

Waafrika waliopelekwa utumwani Karibi waliendeleza njia hii ya kukaanga na kuchemsha, na leo mafuta yake meusi yanauzwa duniani kwa jina la Jamaika. India, kwa upande wake, ndiyo inayoongoza kwa kukamua mafuta ya mbarika, hasa jimbo la Gujarat. Basi msichana wa Kadutu ananunua kichupa kilichovuka bahari, kikapita mpaka wa Ruzizi, ilhali mbegu zenyewe zinapasukia juani hatua chache kutoka mlangoni kwao. Hilo linaniuma, kwa kuwa wanaojua kukamua bado wapo, na wengi wao ni wazee.

Tulifikaje kuyaacha mafuta haya? Si kwa kukosa kuyapenda. Katika miaka ya 1970, Zaire ya Mobutu, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ilipohubiri uhalisi wa Kiafrika, wanawake walikatazwa suruali na wigi, na misuko ya uzi mweusi iliyosimama juu ya kichwa ikawa fahari. Lakini uzuri wa kuamriwa na serikali haudumu sana. Amri zilipolegea, saluni zilijaa defrizan, ile dawa ya kunyoosha nywele. Baadhi ya dawa hizo hufanya kazi kwa hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki ile ile wanayoijua wapika sabuni. Anayeijua kostiki hashangai ngozi ya kichwa ikiungua. Mwezi Oktoba 2022, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa ambao hawakutumia dawa za kunyoosha, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya kutimiza miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, na kwa waliozitumia mara kwa mara, asilimia 4.05. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini unatosha kumfanya mama afikiri kabla ya kumpeleka binti yake wa miaka kumi saluni.

Mimea ya Kihindi imetufikia kwa njia mbili. Ya zamani ni ile ya biashara ya Waswahili na Waarabu wa karne ya 19, kutoka pwani kupitia Ujiji hadi Uvira na Kasongo. Katika familia za Kiislamu zenye asili ya Maniema, hina ya bi harusi, uwatu na habasoda si vitu vya kufundishwa na simu. Njia mpya ndiyo hiyo ya simu: vijana wapenda nywele za asili wanaojiita nappy wanatazama wenzao wa Kinshasa, Abidjan na Paris wakikoroga unga, kisha wanaagiza kwa wafanyabiashara waendao Kampala, Nairobi au Dubai. Tena kuna dada wa baadhi ya makanisa ya kilokole yanayokataa mishi, yaani nywele za bandia, na defrizan, ambao hawakuwahi kuacha nywele za asili na sasa wamepata jambo la kuzungumza na hao nappy.

Unga wenyewe una kazi inayoeleweka. Rangi ya hina hushikamana na protini ya unywele na kuuongezea unene, lakini hukausha, kwa hiyo lazima ifuatwe na mafuta. Shikakai na reetha, unga mwingine wa Kihindi, hutoa povu la asili linalosafisha, na likiingia machoni utalia. Uwatu ukilowekwa usiku kucha hutoa utelezi unaorahisisha kuchana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadili shina la nywele zetu ziwe kama za mwanamke aliyechorwa kwenye pakiti, na anayeuza kwa ahadi hiyo anadanganya.

Wanaofundisha kwenye simu hawatuambii habari ya maji. Kutoa hina kichwani kunataka beseni baada ya beseni, na mitaa mingi ya Bukavu huchota kwa madumu na kuyapandisha mlimani. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukikaa na kichwa kibichi jioni ya mvua, utatetemeka kwa baridi. Ndiyo maana wenye busara hufanya kazi hiyo jua likiwa juu, wawili au watatu kwa zamu, na hupendelea vile visivyohitaji kusuuzwa sana: uwatu uliochujwa vizuri, utomvu wa mshubiri, mafuta. Maua mekundu ya haibiskasi, ambayo India huyatwanga kwa ajili ya nywele, yamepandwa hapa kwenye nyua nyingi kama ua la kupendeza macho tu. Yachumeni.

Kwa anayenunua, afungue pakiti kwanza. Hina halisi ni ya kijani au kahawia ya majani makavu, inanukia nyasi, na hutoa rangi nyekundu ya udongo. Inayoitwa hina nyeusi, inayokolea kwa dakika chache, mara nyingi imetiwa PPD, kemikali inayoweza kubabua ngozi na kuacha kovu. Jaribu tone dogo nyuma ya sikio, usubiri siku mbili. Na hina, hata iliyo safi, isipakwe kitoto kichanga. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ni hali ya kurithi iliyoenea katika nchi za malaria, Kongo ikiwemo, na mtoto mwenye hali hiyo akipakwa hina chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika kwa ghafla. Kwake mise inatosha.