Wauguzi Wenye Ruhusa ya Kuandika Mofini

Huduma shufaa, au tiba shufaa kama inavyoitwa zaidi Tanzania, humhusu mgonjwa mwenye maradhi yanayotishia uhai. Humtuliza maumivu na kichefuchefu, humpunguzia shida ya kupumua, na huisaidia familia inayomuuguza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka, lakini wanaoipata ni asilimia 14 tu. Dawa ni haba, na wahudumu wenye ujuzi nao ni haba.

Uingereza iliitambua fani hii kuwa ubingwa wa udaktari mwaka 1987, Marekani mwaka 2006. Uganda isingeweza kusubiri mabingwa. Dakta Anne Merriman alipoanzisha shirika la Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, wagonjwa wengi wa saratani na UKIMWI walikuwa vijijini, ambako anayewatibu ni muuguzi au afisa tabibu. Dawa ya kutuliza maumivu yao haikuwa ghali: unga wa mofini huchanganywa na maji, mgonjwa akainywa akiwa kwake. Ila muuguzi hakuruhusiwa kisheria kuiandika, na daktari alikuwa mbali.

Mwaka 2004 sheria ilirekebishwa. Muuguzi au afisa tabibu aliyehitimu kozi ya miezi tisa ya huduma shufaa akapewa mamlaka ya kuandika mofini, jambo ambalo Afrika lilikuwa geni kabisa. Huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na wa haki. Mhitimu hujifunza kupima maumivu kwa kumsikiliza mgonjwa, kuanza na dozi ndogo kila baada ya saa nne, kuongeza ya usiku ili mgonjwa alale, na kutoa dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Hujifunza pia kuitunza chini ya kufuli na kuandika daftarini kila kipimo kinachotoka.

Kuwafunza wauguzi, hata hivyo, ni rahisi kuliko kuwabakiza kwenye kazi hiyo. Hospitali ikikosa nafasi ya muuguzi wa huduma shufaa katika ikama yake, mhitimu hurudishwa kwenye zamu za kawaida. Leo yuko wodi ya wazazi, kesho amehamishiwa wilaya nyingine. Cheti chake kisipotambuliwa katika muundo wa utumishi, hakimpandishi daraja wala mshahara. Mradi wa wafadhili ukimalizika, ajira zake nazo huisha. Wengine huenda kufanya kazi ng'ambo. Tena wapo wanaochoshwa na kuzika wagonjwa waliowazoea, bila mtu wa kuwasikiliza wao.

Katika kituo chenye mhitimu mmoja, uhamisho wake unatosha kusimamisha huduma nzima: mofini inaweza kubaki kabatini bila mwenye ruhusa ya kuiandika. Kwa hiyo kuhesabu vyeti vilivyotolewa hakutoshi. Kinachopaswa kuhesabiwa ni wauguzi ambao bado wanawahudumia wagonjwa hawa.