Mbunga Asiyejua Kimbunga

Juma lililopita nilipanda treni ya TAZARA pale Ifakara nikashuka Uchindile. Ukishapita Mlimba mashamba ya mpunga unayaacha nyuma, reli inaanza kupanda milima kuelekea Makambako. Kituoni nilimwamkia mzee mmoja wa Kihehe, akaitikia, kisha akaniuliza kabila langu. Nikasema mimi Mbunga.

"Aa, ninyi mliokuja kwa mkuki!" akacheka.

Mzee hakukosea. Wambunga ni tawi la msafara ule wa Wangoni. Katika miaka ya 1860 walitoka upande wa Songea wakaingia bonde la Kilombero, wakakaa kuzunguka Ifakara. Waliwakuta Wandamba, wavuvi na wawindaji wa viboko, na Wapogoro katika milima ya Mahenge. Walipigana na wengi, Wahehe wakiwemo. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, wao na Wapogoro waliishambulia boma ya Wajerumani pale Mahenge, wakati Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alisimama upande wa Wajerumani.

Lakini sikiliza lugha yao. Ungetegemea Kingoni. Sivyo. Kimbunga ni ndugu wa karibu wa Kindamba na Kipogoro. Mashujaa wale walioa humu humu bondeni, na watoto wakasema walichokisikia kwa mama zao. Mkuki ulileta jina, jiko likatoa lugha.

Sasa zamu ni ya Kiswahili. Mimi Kiswahili ndicho mkate wangu, sikilaumu. Redio zetu hutakiwa kutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza, na sababu yake naielewa: nchi yenye lugha zaidi ya 100 ilihitaji mahali pa kukutana. Hata sensa, mara ya mwisho kumwuliza mtu kabila lake ilikuwa mwaka 1967. Tulifanya vizuri kutohesabiana kwa makabila. Ila kisichohesabiwa kikipungua, nani atagundua?

Kaskazini mwa Ulaya wako Wakarelia, ambao lugha yao ni ndugu wa Kifini. Ndani ya Urusi ipo hata jamhuri yenye jina lao, lakini lugha ya serikali katika jamhuri hiyo ni Kirusi peke yake. Jina liko kwenye ramani, na wanaoisema lugha wanazidi kuwa wazee. Sisi hata jamhuri hatuna, tuna bibi zetu tu. Wanangu mimi wanajua Kimbunga cha kuitwa kula, basi.

Treni ya kurudi ilichelewa, kama kawaida yake. Yule mzee akaniomba nimsemeshe Kimbunga kidogo, alipate sikio lake. Nikatoa salamu. Sentensi ya pili ikanitoka kwa Kiswahili.