Rusizi kwa magurudumu mawili: ya juu, ya chini, ndefu na katili

Rwanda huitwa nchi ya vilima elfu, na mwendesha baiskeli anayewasili Rusizi kutoka Kigali hudhani amekwisha kuvimaliza vyote njiani. Bado. Wilaya hii ya pembe ya kusini magharibi, ambayo wengi wanaendelea kuiita Cyangugu ingawa mkoa wa jina hilo ulifutwa mwaka 2006, ina kitu ambacho wilaya nyingine za nchi hiyo hazina. Mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda pako hapa, kwenye Mto Rusizi, karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka huko bondeni, lami inakuchukua bila kukatika hadi mgongo wa Nyungwe, karibu mita 2,500, ambako mvua ikinyesha upande huu maji yanakwenda Kongo na ikinyesha upande ule yanakwenda Nile. Joto la mashamba ya mpunga na baridi ya ukungu, vyote kwa baiskeli moja na, kwa mwenye miguu, kwa siku moja.

Kabla sijagawa mataji, kuna jambo la kukubaliana. Huku barabara haina sifa mpaka utaje unaelekea wapi. Mtu akikwambia "njia ya Bugarama ni rahisi", mwulize kama alirudi kwa baiskeli au kwa gari.

Ya juu kuliko zote: Nyungwe

Taji hili halina mpinzani. Barabara ya Huye hadi Kamembe inakata msitu wa Nyungwe kwa takribani kilomita 50, na sehemu yake ya juu inakaribia kimo cha Iten, kule Kenya wanakoishi wakimbiaji. Msitu wenyewe una zaidi ya kilomita za mraba 1,000, spishi 13 za nyani, kima na sokwe, na tangu Septemba 2023 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kima hukaa pembeni mwa lami wakitazama wapitao, na mwendo wa baiskeli unawapa nafasi ya kutosha ya kukukagua.

Mashindano ya Tour du Rwanda yanaijua njia hii vizuri. Mwaka 2016 hatua moja iliishia Rusizi ikitokea Karongi, na iliyofuata ikaondoka Rusizi kwenda Huye kupitia msituni, kilomita 140.7. Mwaka ule mshindi wa jumla alikuwa Mnyarwanda, Valens Ndayisenga, kwa mara ya pili baada ya 2014. Mwaka 2020 waliipita kinyume, Huye hadi Rusizi, kilomita 142, na Jhonatan Restrepo wa Kolombia akawa wa kwanza mstarini.

Lakini wanaoogopa Nyungwe kwa ajili ya urefu wake wanaogopa kitu kisicho chenyewe. Mpando kutoka Gisakura ni mrefu, ndiyo, ila una utaratibu: unachagua gia, unatulia juu ya tandiko, unahesabu kona. Kinachoumiza ni hali ya hewa. Unaondoka Kamembe umevaa fulana, baada ya saa chache uko ndani ya wingu, umelowa, na lori la mafuta linakuja nyuma yako bila kukuona vizuri. Mteremko ndipo watu wanapotetemeka hadi vidole vinashindwa kukaza breki. Koti la mvua ni la lazima hata Julai. Maji na chakula vibebwe pia, kwa sababu ukishaingia msituni maduka yamekwisha.

Ndefu kuliko zote, na mimi naipa pia taji la ukatili: kando ya Kivu hadi Rubavu

Tarehe 26 Februari 2020, siku moja baada ya ushindi wa Restrepo, msafara uleule uliondoka Rusizi kwenda Rubavu kwa kufuata ziwa: kilomita 206.3. Ilikuwa hatua ndefu kuliko zote mwaka huo, na ni miongoni mwa ndefu zaidi tangu mashindano hayo yapandishwe daraja la 2.1 mwaka 2019. Aliyeshinda ni kijana wa Eritrea mwenye umri wa miaka 20, Natnael Tesfatsion. Mwisho wa juma akatwaa mashindano yote, na mwaka 2022 akarudi kuyatwaa tena.

Ukiitazama ramani bila kujua, utadhani hii ndiyo njia ya mapumziko. Barabara ya ziwani! Ziwa si tambarare? Ziwa ni tambarare, kingo zake sizo. Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, juu kuliko Victoria, Tanganyika na Nyasa, na milima inaingia majini kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Barabara haina budi kupanda kila kidole na kushuka kila hori. Unatoka Kamembe, unapita mashamba ya chai ya Shagasha, unafika Ntendezi ambako njia ya Nyungwe inakuacha, unashika kushoto kuelekea Nyamasheke, na kutoka hapo ni kupanda na kushuka mpaka Karongi, karibu kilomita 116 kutoka ulikoanza. Hakuna mlima mmoja wa kutaja jina. Ndiyo sababu ni katili: hakuna mahali unapoweza kusema "nimemaliza mpando". Kila kilele kinakuonyesha ghuba nzuri ya buluu, na ng'ambo ya ghuba unaiona lami ikipanda tena.

Asiyeamini kwamba vilima vifupi vinaua kuliko mlima mmoja mrefu akumbuke Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na jumla ya kupanda ikazidi mita 5,400. Sehemu kubwa ya mita hizo ilitokana na mzunguko wa mjini wenye vipando vifupi, kikiwamo cha mawe cha Kimihurura chenye urefu wa kilomita 1.3 tu, vikirudiwa mara 15. Tadej Pogačar alishinda. Waliomaliza walikuwa 30, kati ya zaidi ya 160 walioanza. Barabara ya Kivu inafanya kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba haikuzungushi, inakupa kilima kipya kila mara.

Kwa mtu wa kawaida, siku moja hapa ni wazimu. Gawa mara mbili, ulale Karongi. Kuna pia Njia ya Kongo-Nile, kilomita 227 kati ya Rubavu na Rusizi, sehemu kubwa ikiwa ya vumbi na iliyo karibu zaidi na vijiji vya ziwani. Wenye baiskeli za milimani huimaliza kwa siku 5 hivi. Ikinyesha, udongo wake mwekundu hunasa magurudumu mpaka baiskeli inabebwa na mwenyewe.

Ya chini, yenye joto, na yenye mteremko mtamu kuliko yote: Bugarama

Kamembe iko karibu mita 1,600. Bugarama iko chini yake kwa zaidi ya mita 600, mwendo wa takribani kilomita 40 kupitia Nzahaha na Rwimbogo. Ukigawanya namba hizo utapata wastani wa mteremko usiotisha hata mtoto. Usiuamini huo wastani. Katikati kuna mabonde ya kukatiza, na sehemu za kushuka kwelikweli hazikupi muda wa kutazama mandhari. Anayeijua barabara ya Lushoto kwenda Mombo ataelewa: kona inafunga, breki zinanuka, na hewa inazidi kuwa nzito kadiri unavyoshuka.

Mto wenyewe ndio unaoeleza yote. Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kumwaga maji Ziwa Tanganyika, ambalo liko karibu mita 770, na anguko hilo lote unalifanya ndani ya takribani kilomita 117. Wajenzi wa mitambo ya umeme waliona faida mapema: kituo cha Ruzizi I kilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, cha pili kikafuata mwaka 1989. Kinachozungusha mitambo ndicho kinachokusukuma ukienda Bugarama, na ndicho kinachokudai ukirudi.

Chini huko kuna kitu adimu nchini Rwanda: ardhi iliyonyooka. Mashamba ya mpunga yamepangwa kama mikeka, na mtu anaweza kukanyaga pedali dakika nyingi bila kubadilisha gia. Kwa hiyo taji la njia nyepesi kuliko zote nalipeleka hapa, kwenye vijia vya bondeni kati ya Bugarama na Muganza. Mleteni mtoto anayejifunza. Mleteni asubuhi lakini, maana saa sita mchana joto la huku haliulizi umri. Upande wa Nyakabuye kuna chemchemi za maji moto, amashyuza, ambazo watu huzifuata kwa ajili ya maumivu ya viungo. Mwendesha baiskeli atakuwa nayo. Barabara kuu inaendelea hadi mpaka wa Ruhwa na Burundi, ingawa Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, hivyo safari ya Bujumbura kwa njia hii isiwekwe kwenye ratiba bila kuuliza kwanza.

Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza miaka ya 1980, kiko hukuhuku Muganza, na malori yake ndiyo majirani zako wakati wa kurudi. Hapo utawaona pia abanyonzi, vijana wa baiskeli za abiria na mizigo. Baiskeli zao ni za chuma, nzito, nyingi hazina gia, na nyuma kuna mkungu wa ndizi au magunia yaliyofungwa kwa mpira. Baadhi hushika nyuma ya lori linalopanda ili livute. Polisi wanakataza na wako sawa, kwa kuwa lori likifunga breki ghafla hakuna pa kukimbilia. Wengi zaidi hushuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo, mmoja nyuma akisaidia. Saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo hazijawahi kufungwa kwenye mikono hiyo, na sioni sababu ya kuwapa taji ambalo hawakuliomba. Ninachosema ni kwamba ukiwa na baiskeli ya kaboni ya kilo 8 na ukapitwa na mmoja wao kabla ya Nzahaha, usitafute kisingizio.

Fupi kuliko zote

Kamembe mjini hadi mji mkongwe wa Cyangugu, ziwani, penye daraja la kwenda Bukavu. Ni kilomita chache tu. Kushuka ni dakika, kurudi ni kilima cha zaidi ya mita 100 kwa mkupuo, na huwa na watu wengi: wafanyabiashara wa mpakani, pikipiki, akina mama wenye ndoo vichwani. Wenye haraka ya mazoezi huirudia mara nyingi kabla ya kazi. Watalii huifanya mara moja, kisha wanakaa ufukweni kula sambaza wa kukaanga, vidagaa vilivyoletwa Kivu kutoka Tanganyika yapata miaka 65 iliyopita na ambavyo vimezoea kuliko wageni wengine.

Ya upweke kuliko zote: Bweyeye

Kati ya tarafa 18 za Rusizi, Bweyeye ndiyo iliyojificha. Iko ukingoni mwa Nyungwe, imepakana na Burundi, na kwa baiskeli ya lami unaifikia kwa kuuingia msitu kwanza, kisha kuchepuka Pindura. Kutoka Pindura ni kilomita 32. Kwa miaka mingi ilikuwa njia ya matope ambayo gari lilikuwa linaihesabu kwa saa. Siku hizi ni lami safi, na nadhani ndiyo lami tulivu kuliko zote nchini. Unasikia mnyororo wako, ndege, na maji. Tatizo ni lile la Bugarama: unateremka kuelekea Bweyeye, na kijiji kipo mwisho wa bakuli. Wanaokwenda na kurudi siku hiyohiyo kutoka Kamembe wanakuwa wameupanda Nyungwe mara mbili, na hiyo, kwa hesabu yangu, ndiyo safari ngumu kuliko zote za siku moja unayoweza kuianza na kuimalizia Rusizi bila kushiriki mashindano yoyote.

Mwenye siku moja tu na mapaja ya ofisini aachane na Bweyeye. Aondoke Kamembe alfajiri akiwa amekagua mipira ya breki, ashuke Bugarama kabla jua halijakaza, azunguke mashamba ya mpunga, ale wali wa palepale na samaki. Kisha aiweke baiskeli juu ya gari linalopanda, alipie nauli ya mizigo bila kubishana, na akae upande wa dirisha la kulia.