Upweke wa Korona Katika Nyumba Zenye Watu

Kenya ilipotangaza kisa cha kwanza cha korona tarehe 13 Machi 2020, kisha ikafunga shule, ikaweka kafyu ya usiku na, mwezi wa Aprili, ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa, wakazi wa Kitui na Makueni walipatwa na utengano wa namna yake. Vijijini mashamba yaliendelea kulimwa na maji kuchotwa, lakini mtoto aliyehamia Nairobi hakuweza kwenda Mwingi, huko Kitui, kumwona mamake, na vibarua vilipokosekana mjini, hata fedha za matumizi alizozoea kumtumia zilikatika.

Wanasaikolojia hutenganisha utengano, yaani uchache wa watu ambao mtu hukutana nao, na upweke, yaani uchungu wa kuhisi kwamba uhusiano alio nao hautoshi; ndiyo maana nyanya aliyezungukwa na wajukuu waliorudishwa kutoka shuleni aliweza kuwa mpweke. Upweke unaodumu huuweka mwili katika tahadhari, usingizi ukapungua, na hatari ya sonona, ambayo ni huzuni nzito inayoondoa hamu ya kazi na chakula, ikaongezeka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba sonona na maradhi ya wasiwasi yaliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga hilo.

Ukambani, eneo la Wakamba zilimo Kitui na Makueni, jeraha hilo la upweke lilikuwa na kina zaidi, kwa kuwa hadhi ya mtu hutokana na kuhitajiwa na wenzake. Katika mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kuchimba matuta au kujenga mabwawa ya mchanga, kila mmoja ana nafasi yake, na marufuku ya mikusanyiko iliigusa nafasi hiyo moja kwa moja. Mazishi yaliumiza kuliko yote: waombolezaji walipowekewa kikomo cha watu 15, wafiwa walikosa mikesha na mikono ya kuwashika, ilhali majonzi yasiyopokewa na jamii huchelewa kupoa na huweza kugeuka ugonjwa.

Msaada, hata hivyo, ulikuwa karibu. Kabla ya korona, wakfu wa utafiti wa afya ya akili ulioasisiwa na Profesa David Ndetei ulikuwa umewafunza wauguzi, wahudumu wa afya wa kijiji, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini wa Makueni kuitambua sonona na kuwaelekeza wagonjwa kwenye zahanati. Hao ndio wanaostahili kugharimiwa kwanza, kabla ya majengo mapya, kwa sababu mlango wa mfiwa wanaujua tayari.