Kwa nini kundi zima likinyata husikika: hesabu ya dadu katika Dungeons & Dragons

Kwa ambao hawajawahi kucheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974: watu wanakaa mezani, kila mmoja anaigiza mhusika wake, na msimamizi anasimulia mambo na kuwachezesha maadui. Penye mashaka, inarushwa dadu ya pande 20.

Sasa tuseme wahusika wanne wanataka kuwavizia majambazi usiku. Kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 70 wa kunyata bila kusikika. Si mbaya, eti? Lakini kwa kanuni za mwaka 2014 kila anayenyata anarusha dadu yake, na jambazi akimsikia hata mmoja wenu, huyo hajashtukizwa tena. Kwa hiyo tunazidisha: 0.7 × 0.7 × 0.7 × 0.7 = 0.24. Mtafaulu kama mara moja katika nne.

Na hapo hatujamgusa mwenye deraya ya chuma. Deraya nzito inamlazimisha kurusha dadu mara mbili na kuchukua namba ndogo, kwa hiyo 70 yake inashuka hadi 49, na ya kundi zima hadi 17. Ndiyo maana mara nyingi anaambiwa "wewe tusubiri nje", halafu mwenzetu anakaa nusu ya jioni anatafuna karanga huku wengine wakicheza.

Dawa imo kwenye kitabu hichohicho: jaribio la kundi. Wote wanarusha, na wakifaulu angalau nusu yao, kundi limefaulu. Kwa wanne wetu, deraya ikiwemo, uwezekano unaruka hadi asilimia 88. Kwa kanuni za 2014 mimi naona huo ni ukarimu uliopitiliza, maana aliyeshtukizwa anapoteza zamu yake yote ya kwanza. Majambazi wanaweza kuisha kabla hawajachomoa upanga.

Toleo la 2024 limepunguza zawadi hiyo. Aliyeshtukizwa hapotezi zamu. Ila dadu ya kupanga zamu anairusha mara mbili na kuchukua ndogo. Kwa kawaida, adui mwenye wepesi sawa na wako anakutangulia kwa asilimia 47.5 (asilimia 5 ni sare). Akishtukizwa, inashuka hadi 31. Na kama wewe bado umejificha wakati huo, unarusha mbili unachukua kubwa, na yeye anabaki na 15. Ni faida nzuri, lakini pambano bado lipo. Hapo jaribio la kundi linafaa kabisa, na mwenye deraya aje tu.

Ila msimamizi, idai dadu ya kunyata mara moja. Ukiidai getini, kisha uani, kisha chini ya dirisha, ile 88 inajizidisha mara tatu na kubaki kama theluthi mbili.